Los Rodeos, 1977: Ndege Mbili katika Njia Moja



Watu wengi hudhani kwamba hatari ya safari ya ndege huanza pale magurudumu yanapoiacha ardhi, na kwamba humalizika pale yanapoigusa tena. Historia haikubaliani nao. Mgongano ulioua watu wengi kupita yote katika historia ya ndege za abiria haukutokea angani. Ulitokea ardhini, katika kiwanja kimoja cha kisiwani, baina ya ndege mbili zilizokuwa nzima, zenye marubani wa uzoefu mkubwa, wote wakizungumza na mwongozaji mmoja katika wimbi moja la redio. Watu 583 walikufa. Aliyechunguza kilichowaua alikuta moto na chuma. Lakini kabla ya moto na chuma alikuta maneno machache yasiyo wazi katika simu ya upepo, na mlio wa redio wa sekunde tatu hivi.

Askari wa jeshi na wa polisi wana sababu yao ya kuijua habari hii. Simu ya upepo ni chombo chao cha kila siku. Tena wengi wao hufanya kazi ndani ya viwanja vya ndege: hulinda, hupakia, huendesha magari kandokando ya njia za kurukia. Kiwanja cha Entebbe, kwa mfano, kwa miaka mingi kimetumiwa na ndege za abiria, za jeshi na za Umoja wa Mataifa. Mahali kama hapo, gari moja lililopotea njia ni hatari kwa mamia ya watu.

Ni vyema kwanza kueleza jinsi ndege inavyotembea ardhini, maana hapo ndipo mambo yote yanapoanzia. Ndege kubwa aina ya Boeing 747 ina urefu wa mita 70 hivi, na mabawa yake kutoka ncha hadi ncha yanakaribia mita 60. Rubani wake hukaa juu, kama mtu aliye ghorofani, wala hayaoni magurudumu yake. Ndege za abiria kwa kawaida haziondoki maegeshoni kwa kurudi nyuma zenyewe kama gari, kwa hiyo husukumwa na trekta lililounganishwa na gurudumu la mbele. Mtu mmoja husimama chini amevaa visikilizio vyenye waya uliochomekwa ubavuni mwa ndege, akisemezana na rubani. Rubani akiambiwa afunge breki, hujibu kwamba breki zimefungwa. Akiambiwa azifungue, hujibu kwamba zimefunguliwa. Na trekta halisogei mpaka jibu hilo lisikike. Ndege tupu ikikokotwa kutoka karakana, sharti awemo mtu ndani yake wa kushika breki. Na kama msafara huo unapaswa kuivuka njia ya kurukia, dereva wa trekta hata akiona njia ni nyeupe kabisa hana ruhusa ya kuvuka mpaka mnara useme, na aliyeambiwa ayarudie maneno ya mnara.

Kurudia huko huwachosha vijana wanaoanza kazi. Huona kama mchezo wa kasuku. Hapa ndipo Los Rodeos inapofaa kusimuliwa.

Los Rodeos ni kiwanja cha kisiwa cha Tenerife, katika visiwa vya Canary, ambavyo ni mali ya Hispania lakini vipo karibu na pwani ya kaskazini-magharibi ya Afrika. Kiwanja hicho kimejengwa mlimani, zaidi ya mita 600 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo linaloitwa ukungu mahali hapo mara nyingi ni wingu lenyewe linalopita juu ya njia ya kurukia. Mwaka 1977 kilikuwa na njia moja tu ya kurukia, yenye urefu wa mita 3,400, na barabara moja ya pembeni sambamba nayo. Hakikuwa na rada ya kuonyesha ndege zilizoko ardhini. Siku hiyo hata taa za katikati ya njia ya kurukia zilikuwa hazifanyi kazi.

Jumapili tarehe 27 Machi, saa 7 na robo mchana, bomu lililotegwa na chama kilichopigania uhuru wa visiwa hivyo lililipuka katika kiwanja cha Las Palmas, kisiwa cha jirani. Ikasemekana kuna la pili. Wakuu wakafunga kiwanja, na ndege zote zilizokuwa njiani zikageuziwa Los Rodeos. Kiwanja kidogo, siku ya Jumapili, waongozaji wawili tu zamuni, kikajaa ndege kubwa kisizozizoea. Maegesho yalipojaa, zikapangwa mpaka juu ya barabara ya pembeni. Matokeo yake yalikuwa haya: ndege iliyotaka kuondoka haikuweza kuifikia ncha ya njia ya kurukia kwa barabara yake ya kawaida. Ilibidi itembee juu ya njia yenyewe ya kurukia, kinyumenyume cha upande wa kuruka, mpaka mwisho, kisha igeuke.

Miongoni mwa ndege hizo zilikuwamo mbili za Boeing 747. Moja ilikuwa ya shirika la KLM la Uholanzi, iliyotoka Amsterdam ikiwa na abiria 234 na wafanyakazi 14. Ya pili ilikuwa ya Pan American ya Marekani, iliyotoka Los Angeles na kupitia New York, yenye watu 396. Nahodha wa KLM aliitwa Jacob Veldhuyzen van Zanten. Alikuwa mkuu wa mafunzo ya ndege za aina hiyo katika shirika lake, na picha yake ilitumika katika matangazo ya shirika. Rubani wake msaidizi, Klaas Meurs, alikuwa mgeni kiasi katika 747. Jambo hilo la vyeo si dogo, na litarudi hivi punde.

Las Palmas ilipofunguliwa tena, Wamarekani walikuwa tayari, lakini ndege ya Waholanzi ilikuwa mbele yao ikijaza mafuta, lita 55,500. Marubani wa Pan American walishuka wakapima nafasi kwa hatua. Ikawa imepungua mita tatu na nusu hivi. Wakasubiri. Wingu likateremka. Naye nahodha wa Uholanzi alikuwa na saa mkononi, kwa sababu sheria mpya za nchi yake ziliweka mipaka mikali ya saa za kazi, na kama zingepita, abiria wote wangelala Tenerife.

Karibu saa 11 jioni KLM iliruhusiwa kutembea juu ya njia ya kurukia hadi mwisho wake na kugeuka. Pan American ikaambiwa iifuate nyuma, kisha itoke kwa mchepuko wa tatu upande wa kushoto. Ukungu ulikuwa mzito, michepuko haikuwa na alama za kusomeka, na huo wa tatu ulikuwa na kona iliyokunjama kurudi nyuma, ngumu mno kwa ndege ya ukubwa huo. Wamarekani waliuliza tena, wakahesabiwa: moja, mbili, tatu. Hata hivyo waliupita, wakaendelea kuelekea wa nne. Si mnara wala KLM aliyeweza kuwaona. Kiwanja kizima kwa wakati huo kilikuwa kipofu, na macho yake yalikuwa masikio tu.

KLM ilifika mwisho, ikageuka. Nahodha akaanza kusukuma nguvu za injini. Rubani msaidizi akamzuia: hawajapata ruhusa. Nahodha akajibu kwamba anajua, aombe. Meurs akaomba ruhusa mbili kwa pamoja, ile ya njia ya safari na ile ya kuruka. Mnara ukatoa ya kwanza tu, yaani maelezo ya jinsi ndege itakavyopita angani baada ya kuruka. Lakini ndani ya maelezo hayo lilikuwamo neno "kuruka". Meurs alipokuwa bado anayarudia, nahodha aliachia breki, akasema kwa Kiholanzi kwamba wanakwenda. Meurs akayamaliza maneno yake kwa haraka, kwa Kiingereza kisichokuwa na sura ya kawaida ya kazi, akisema kwamba sasa wapo "katika kuruka". Mwongozaji alielewa kwamba wapo tayari mahali pa kurukia. Waliokuwa ndani ya ndege walikuwa tayari wanakimbia.

Mwongozaji akajibu, "Sawa." Akanyamaza kama sekunde mbili. Kisha akaongeza kwamba wasubiri ruhusa ya kuruka, atawaita.

Neno hilo "sawa" halimo katika lugha ya kazi. Linaweza kuwa na maana ya "nimesikia", na linaweza kuwa na maana ya "fanya". Kila aliyewahi kupokea ujumbe katika simu ya upepo anajua kishawishi chake. Hata "roja" maana yake ni kwamba ujumbe umepokewa, basi. Haina maana kwamba ruhusa imetolewa.

Na hizo sekunde mbili za kimya ziliwaponza. Wamarekani walipoisikia KLM ikitamka habari za kuruka waliingiwa na hofu. Palipopatikana nafasi wakabonyeza kitufe, wakasema kwamba wao bado wanatembea juu ya njia ya kurukia. Wakati huohuo mwongozaji alikuwa anasema "subirini". Redio za ndege hutumia wimbi moja kwa wote, na mtu anayesema hawezi kusikia. Wawili wakisema kwa pamoja, wa tatu husikia mlio mkali tu. Ndivyo ilivyokuwa. Sentensi mbili, ambazo yoyote kati yake ingeokoa watu wote, zilikutana hewani zikafunikana. Katika chumba cha marubani cha KLM lilisikika neno "sawa", kisha mlio.

Lakini hata hapo mlango ulikuwa haujafungwa kabisa. Muda mfupi baadaye mnara uliwaomba Wamarekani watoe taarifa wakishaondoka juu ya njia, nao wakajibu kwamba watatoa. Maneno hayo yalisikika vizuri ndani ya KLM. Mhandisi wa ndege, Willem Schreuder, akayashika. Akauliza kama yule Pan American bado hajatoka. Nahodha akamwuliza anasema nini. Schreuder akarudia. Nahodha akajibu kwa mkazo kwamba ametoka. Zilikuwa zimebaki sekunde zisizofika 20. Hakuna aliyeuliza tena.

Afande yeyote mwenye busara atatua kidogo mahali hapa. Mhandisi hakuwa mwoga; aliuliza mara mbili. Rubani msaidizi naye alikwisha kumzuia mkuu wake mara moja, na hakuthubutu mara ya pili. Pengine waliona kwamba mwalimu wa walimu hawezi kukosea jambo jepesi kama hilo. Yapo pia mazoea: katika mashine za mafunzo ya ardhini, ambako Van Zanten alikuwa ametumia muda mwingi wa kazi yake, mwalimu ndiye huigiza mnara, kwa hiyo ruhusa ya kuruka hutoka kinywani mwake mwenyewe. Hii ni moja ya sababu ambazo wachunguzi walizitaja, wala haimwondolei mtu lawama. Lakini inaonyesha jinsi mkuu anavyoweza kusahau kwamba ipo sauti nyingine anayopaswa kuisubiri.

Wamarekani waliziona taa zikitokea wingusini zikiwajia. Nahodha Victor Grubbs alisukuma injini kwa nguvu zote, akageuza kushoto ili atoke kwenye njia. Van Zanten naye alipoiona ndege mbele yake aliinua pua ya ndege yake kabla ya wakati, hata mkia ukaikwaruza njia. Ilinyanyuka, lakini haikutosha. Magurudumu na tumbo la KLM vilipasua sehemu ya juu ya Pan American, nayo ikaanguka mbele yake na kuwaka. Ndani yake hakupona hata mmoja kati ya 248. Katika Pan American walikufa 335. Waliosalimika walikuwa 61, akiwamo Grubbs na wenzake wa chumba cha marubani. Wazima moto waliokimbilia mwangaza walifanya kazi kwenye ndege moja kwa muda kabla ya kutambua kwamba ndani ya wingu lilelile ilikuwapo ya pili.

Hispania, Marekani na Uholanzi zilishiriki katika uchunguzi. Wahispania walisema sababu ya msingi ni kwamba nahodha wa KLM aliondoka bila ruhusa. Waholanzi walitaka lisisitizwe zaidi suala la kutoelewana kwa pande zote, hata mnara na Wamarekani waliopita mchepuko wao. Kila upande ulikuwa na hoja. KLM hatimaye ilikubali wajibu na kulipa fidia. Mabishano hayo hayana faida kubwa sasa. Yenye faida ni yale yaliyobadilishwa.

La kwanza lilikuwa neno. Tangu hapo neno "kuruka" lilitengwa: husemwa na mnara pale tu unapotoa ruhusa ya kuruka au unapoifuta. Katika mazungumzo mengine yote husemwa "kuondoka". Ruhusa zinazohusu njia ya kurukia, yaani kuingia, kuvuka, kusubiri, kuruka, sharti zirudiwe neno kwa neno pamoja na jina la ndege, na mwongozaji anapaswa kuyasikiliza marudio hayo na kuyasahihisha yakiwa na kosa. La pili lilihusu vyeo. Mwaka 1979 taasisi ya anga ya Marekani, NASA, iliitisha mkutano juu ya jinsi marubani wanavyofanya kazi kwa pamoja, na mwaka 1981 shirika la United likaanza kuwafundisha manahodha wake kusikiliza, na wasaidizi wao kusema wazi. Wakongwe walilalamika kwamba amri inabomolewa. Haikubomolewa. Nahodha alibaki nahodha, ila msaidizi akapewa wajibu, siyo hisani, ya kusema "simama".

Ingekuwa faraja kusema kwamba mambo yakaishia hapo.

Tarehe 8 Oktoba 2001, katika kiwanja cha Linate mjini Milano, Italia, asubuhi yenye ukungu, ndege ndogo iliambiwa ifuate barabara ya tano nayo ikaingia ya sita, ikatokea mbele ya ndege ya shirika la SAS iliyokuwa inaruka. Walikufa watu 118, wanne kati yao wakiwa kazini katika jengo la mizigo. Rada ya ardhini haikuwapo. Ya zamani ilikwisha ondolewa na mpya haijaanza kazi. Rubani wa ndege ndogo alikuwa ametaja alama aliyoiona imechorwa chini, lakini mnara haukuitambua alama hiyo, wala haukusimamisha kila kitu mpaka ijulikane ni ipi. Swali moja dogo liliachwa lipite.

Huku jirani, mjini Kigali, tarehe 12 Novemba 2009, ndege ndogo ya abiria iliyokuwa ikienda Entebbe ilirudi baada ya nguvu za injini moja kukataa kupungua. Ilitua salama, ikafika maegeshoni. Kisha injini ileile ikaisukuma, ikaenda kugonga ukuta wa jengo la wageni mashuhuri, na abiria mmoja akafa. Ndege iliyoegeshwa huku injini ikinguruma bado iko safarini, na aliyeko chini mbele yake yuko hatarini.

Na madereva wa magari wana ajali yao. Mjini Lima, Peru, tarehe 18 Novemba 2022, magari ya zimamoto yalitoka kwa kasi katika zoezi la kupima wepesi wao. Zoezi lilikuwa limepangwa, na waliokuwamo magarini walijua kwamba limepangwa. Lakini kupangiwa zoezi ni jambo moja, na kuruhusiwa kuingia juu ya njia ya kurukia kwa dakika ile ni jambo jingine. Ndege ya LATAM iliyokuwa ikiruka iligonga gari moja. Wazima moto wawili walikufa siku ileile, na wa tatu akafariki baadaye. Waliokuwa ndani ya ndege walinusurika wote.

Ajali inayowagusa zaidi watu wa vyombo vya ulinzi ilitokea Japani. Tarehe 1 Januari 2024 tetemeko la ardhi lilipiga rasi ya Noto. Kesho yake jioni ndege ya walinzi wa pwani wa Japani, yenye watu sita, ilikuwa katika kiwanja cha Haneda mjini Tokyo, imepakia vitu vya msaada. Mnara ukaiambia kwamba ni ya kwanza katika foleni, isogee hadi mahali pa kusubiria. Wahudumu wakayarudia maneno hayo sawasawa, kama sheria inavyotaka. Kisha wakapita mahali pa kusubiria, wakaingia juu ya njia ya kurukia, wakasimama hapo kwa muda wa sekunde 40 hivi. Ndege ya abiria ya Japan Airlines, yenye watu 379, ikatua juu yao. Wote 379 walitoka wakiwa hai kabla moto haujaila ndege yao. Katika ile ndogo walikufa watano, akapona nahodha peke yake.

Wachunguzi wa Japani walieleza katika taarifa yao ya Desemba 2024 kwamba wahudumu wa ndege ndogo waliamini wamepewa ruhusa ya kuingia. Walikuwa katika kazi ya msaada, na waliposikia kwamba ni wa kwanza waliona wamepewa kipaumbele. Huko mnarani, mtambo wa tahadhari ulionyesha alama kwenye kioo kwamba njia ya kurukia ina ndege, lakini mwongozaji hakuitambua. Siku chache baada ya ajali wakuu wa usafiri wa anga wa Japani walisimamisha kwa muda matumizi ya maneno "wa kwanza" katika mazungumzo ya mnara na ndege, na wakaamuru awepo mtu wa kukikodolea macho kioo hicho muda wote.